Jina Lisizidi Ushahidi: Kutambua Uyoga na Nondo wa Kitengela na Kajiado

Mvua ndefu zikishalowesha udongo mweusi wa Kitengela, kichuguu kimoja na nyasi zinazokizunguka vinaweza kuotesha uyoga wa aina tatu ambazo macho huzichukulia kuwa ndugu. Wa kwanza huchomoza kutoka kwenye kichuguu chenyewe. Kofia yake ina ncha ngumu katikati, na shina lake linaendelea chini ya ardhi mithili ya mzizi mrefu hadi kwenye vyumba vya mchwa. Huo ni wa jenasi ya Termitomyces, uyoga unaolimwa na mchwa wenyewe na unaopendwa sana mezani katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wa pili husimama juu ya kichuguu mahali pakavu, mrefu na mwembamba, kofia imelikumbatia shina wala haifunguki. Huo ni Podaxis. Wa tatu huota kwenye nyasi, mpana na mweupe, una magamba ya kahawia juu ya kofia na pete kwenye shina. Huo ni Chlorophyllum molybdites, na aliyeula hutapika na kuharisha vibaya ndani ya saa chache. Anayesema tu "uyoga wa kichuguuni" ametaja chakula na sumu kwa mkupuo mmoja.

Mwongozo huu umekusudiwa kukusaidia wewe unayeishi au kufanya kazi kati ya Kitengela, Isinya, Bissil na Loitokitok, na unayetaka kufika kwenye jina la kisayansi la uyoga au nondo uliyemkuta. Hoja yake ni moja: jina la kisayansi ni dai, na dai halifai kuzidi ushahidi ulio mkononi. Wanasayansi hupanga viumbe kwa ngazi, kuanzia himaya, kisha faila, ngeli, oda, familia, jenasi, hadi spishi. Kila ngazi unayoshuka inadai ushahidi wake. Ukiona kofia yenye ncha ngumu na shina lenye mzizi ulioingia kichuguuni, una haki ya kuandika Termitomyces na kuishia hapo, ukiweka "sp." badala ya jina la pili kuonyesha kwamba spishi haijajulikana. Huko si kushindwa. Jina la jenasi lenye ushahidi lina manufaa kuliko jina kamili lililobahatishwa, kwa sababu atakayekuja baada yako anaweza kuendelea kutoka pale ulipoishia. Lililobahatishwa humlazimu kwanza agundue kwamba umepotea, na mara nyingi hagundui.

Sababu ya ukali huu ni kwamba jina ndilo linalokufungulia yote yaliyowahi kuandikwa kuhusu kiumbe hicho: anakula nini, anazaa lini, ana sumu gani, dawa ipi humdhuru. Ukiwa na jina lisilo lake utasoma habari za kweli kabisa, ila za kiumbe mwingine. Kajiado yenyewe imetoa mfano mzuri. Mwaka 1984 Johanna Darlington alichapisha maelezo ya aina mbili za vichuguu vilivyojengwa na mchwa waliokuwa wakiitwa kwa jina moja, Macrotermes subhyalinus: aina ya Bissil huku Kajiado, na aina ya Marigat kule Baringo. Mchwa wenyewe walifanana mno. Kilichotia shaka ni jinsi nyumba ilivyojengwa. Mwaka 1989 Bagine na wenzake wakaonyesha kwamba tofauti hiyo ya ujenzi inakwenda pamoja na tofauti za vinasaba, na mchwa wa Marigat sasa anajulikana kwa jina lake, Macrotermes jeanneli. Yeyote aliyechukua vipimo vya Marigat akavitumia Bissil, kwa kuamini kwamba jina ni moja, alikuwa akipima mchwa mmoja na kumsemea mwingine. Angalia pia kwamba ushahidi uliofumbua fumbo haukuwa mwilini mwa mdudu. Ulikuwa kwenye kichuguu, kitu ambacho mfugaji yeyote wa Bissil hupita karibu nacho kila siku.

Kabla hujatafuta jina, jifunze kulisoma. Chukua mawili: Chlorophyllum molybdites (G. Mey.) Massee, na Spodoptera frugiperda (J.E. Smith, 1797). Neno la kwanza ni jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi, nalo huanza kwa herufi ndogo hata likitokana na jina la mtu au mahali. Ukiandika kwa mkono, yapigie mstari yote mawili. Kinachofuata ni majina ya watu, na mabano yana maana. G. Meyer aliueleza uyoga huu mwaka 1818, katika kitabu cha mimea ya Guyana, akiuita Agaricus molybdites. Mwaka 1898 Massee akauhamishia kwenye Chlorophyllum. Kwa kanuni za uyoga, aliyetangulia huwekwa kwenye mabano na aliyehamisha huandikwa nje. Kwa kanuni za wanyama, mabano husema tu kwamba spishi imehama kutoka jenasi yake ya kwanza. Aliyeihamisha hatajwi, na mwaka huandikwa. Kwa hiyo unaposoma J.E. Smith na mwaka 1797 ndani ya mabano, unajua kwamba nondo huyu alielezwa mwaka huo, kutokana na wadudu wa Georgia, Marekani, chini ya jenasi nyingine.

Kanuni hizo mbili zina chimbuko tofauti. Majina ya wanyama yanahesabiwa tangu toleo la kumi la Systema Naturae la Linnaeus, la mwaka 1758; ya mimea na uyoga tangu Species Plantarum ya mwaka 1753. Uyoga umebaki chini ya kanuni za mimea kwa sababu ya historia tu. Mwaka 1969 Whittaker aliutenga katika himaya yake, na utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba uko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Melbourne mwaka 2011 ulibadili hata jina la kanuni ili uyoga utajwe waziwazi, na ukafuta desturi ya kuupa uyoga mmoja majina mawili kwa hatua zake mbili za maisha. Tangu Januari 2013 jina jipya la uyoga halikubaliki mpaka lisajiliwe katika hifadhi inayotambulika, kama MycoBank au Index Fungorum. Hifadhi hizo ziko wazi kwa kila mtu mwenye intaneti. Zifanye kituo chako cha kwanza unapotaka kujua kama jina fulani bado linatumika.

Sasa shika kisu. Uyoga usiung'oe kwa kuvuta. Uchimbue, maana sehemu inayoamua mara nyingi iko chini ya udongo. Mzizi wa Termitomyces ukikatika umepoteza nusu ya hoja yako, na kikombe kinachobaki ardhini chini ya shina la Amanita ndicho kinachotenga jenasi yenye spishi za kuua na uyoga mwingine mweupe. Kumbuka lakini kwamba Termitomyces microcarpus, ule mdogo unaoota kwa mamia kama umemwagwa, hauna mzizi mrefu, kwa sababu huota kwenye masega ya kulimia uyoga ambayo mchwa wameyatoa nje. Kutokuwepo kwa mzizi si ushahidi tosha. Kisha pata alama ya spora, yaani unga wa chembe za uzazi unaodondoka kutoka kofiani. Kata shina, laza kofia huku vibamba, vile vipande vyembamba vya upande wake wa chini, vikielekea chini juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, ifunike kwa bakuli, uache hadi asubuhi. Unga wa rangi ya waridi iliyofifia unaafikiana na Termitomyces. Unga wa hudhurungi nzito unaelekeza kwenye Agaricus, jenasi ya uyoga wa vifungo unaouzwa madukani. Unga wa kijani kilichofifia ni alama ya Chlorophyllum molybdites. Usiangalie rangi ya vibamba pekee: uyoga huo ukiwa mchanga vibamba vyake ni vyeupe, na ukijani hutokea spora zinapokomaa, wakati walioharakisha wameshaupika.

Katika suala la kula, alama ya spora inaweza kukuzuia lakini haiwezi kukuruhusu. Kijani ni katazo kamili. Rangi nyingine si kibali. Zile njia zinazosimuliwa, kwamba uyoga wenye sumu hukibadilisha kitunguu rangi, au kwamba ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kuchemsha sana huondoa sumu, hazina msingi. Konokono na funza hula uyoga unaomuua binadamu. Mtu akidhurika, mpeleke hospitali pamoja na mabaki ya uyoga, ukiyafunga kwenye karatasi badala ya mfuko wa plastiki, kwa sababu kwenye plastiki huoza ndani ya saa chache na ushahidi ukapotea wakati unapohitajika zaidi.

Inafaa tusimame kidogo kwenye Podaxis, kwa kuwa inafundisha tofauti kati ya kufanana na kuhusiana. Linnaeus mwenyewe aliuweka Podaxis pistillaris katika Lycoperdon, jenasi ya ule uyoga wa duara unaotoa vumbi ukiukanyaga, na sababu yake ilikuwa na mantiki: spora zimefungiwa ndani, hazianguki kutoka kwenye vibamba vilivyo wazi. Kwa muda mrefu uyoga wote wa namna hiyo ulikusanywa katika kundi moja kubwa. Uchunguzi wa vinasaba ulilivunja kundi hilo. Podaxis ilionekana kuwa ya familia ya Agaricaceae, ile ile ya Agaricus na ya Chlorophyllum molybdites, huku Termitomyces, inayofanana na Chlorophyllum kwa mwavuli wake, ikiangukia familia nyingine kabisa, Lyophyllaceae. Kwa hiyo pale kichuguuni, wawili wanaohusiana ni yule aliyefumba kofia na yule mwenye sumu. Kufungia spora ndani ni njia ambayo uyoga wa nasaba mbalimbali umeifikia kwa nyakati tofauti, hasa mahali pakame. Na hata jina pistillaris, lililotumiwa kwa karne mbili kwa kila Podaxis kutoka India hadi Afrika, limebainika kufunika spishi zaidi ya moja. Ukiukuta Kajiado, andika Podaxis sp., uutunze.

Tukija kwa nondo, tuanze na wale wenye athari kubwa zaidi kwa mfuko wa mtu. Katika kaunti hii jina "viwavijeshi" hubeba spishi mbili. Spodoptera exempta, aliyeelezwa na Francis Walker wa jumba la makumbusho la London, ni wa Afrika. Hufika kwa makundi baada ya mvua, hula nyasi na nafaka, na kwa nchi ya mifugo kama Kajiado ndiye anayeweza kufyeka malisho ndani ya siku chache na kutoweka. Spodoptera frugiperda asili yake ni mabara ya Amerika; aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, akathibitishwa Kenya mwaka 2017, na hajaondoka. Huyu hukaa mwaka mzima palipo na mahindi, akijificha ndani ya moyo wa mmea ambapo dawa haimfikii kwa urahisi. Mwangalie kiwavi aliyekua: frugiperda ana alama hafifu ya Y iliyopinduliwa usoni, na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho wa tumbo ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Exempta hana mraba huo. Wakisongamana, viwavi wake huwa weusi tii mgongoni wenye mistari ya njano ubavuni. Lakini kiwavi wa spishi hiyo hiyo akikulia peke yake huwa wa kijani au wa kahawia, na hutembea polepole. Anayetegemea rangi atahesabu spishi mbili mahali palipo na moja, na moja mahali palipo na mbili.

Hapa ndipo gharama ya jina hupimika. Mtego wa kunasia nondo dume hutumia harufu ya jike iliyotengenezwa kiwandani, na harufu hiyo huandaliwa kwa spishi maalumu. Ukining'iniza harufu ya frugiperda kutafuta exempta, mtego mtupu utakudanganya kwamba malisho yako salama. Virusi vilivyojaribiwa Tanzania dhidi ya viwavijeshi wa nyasi, SpexNPV, vimepewa jina la exempta kwa sababu huambukiza spishi hiyo. Hata wakati wa kuchukua hatua hutofautiana: kwa mmoja unafuatilia mvua na upepo unaoleta makundi, kwa mwingine unapekua mahindi machanga kila wiki. Basi unapompigia simu afisa wa kilimo usiseme tu "nina viwavijeshi". Mwambie umeona mraba wa madoa au hukuuona, wako kwenye nyasi au ndani ya mahindi, wangapi kwa hatua moja ya mraba. Umempa ushahidi, jina atalifikia.

Nondo wazima ni kazi ngumu zaidi. Tundika shuka jeupe ukutani, taa mbele yake, usiku usio na mbalamwezi. Taa nyingi za LED hutoa mwanga mdogo wa urujuanimno ambao ndio unaowavuta nondo, hivyo taa maalumu ya mwanga huo, au mrija wa zamani, hukusanya wengi zaidi. Mpige picha akiwa ametulia jinsi anavyokunja mabawa, kisha upande wa chini, kisha vipapasio kwa karibu, na uweke rula ndani ya picha. Wale wakubwa wenye michoro ya wazi watafika kwenye spishi kwa picha: nondo mwenye sura ya fuvu mgongoni, Acherontia atropos, anayevamia mizinga kutafuta asali, au Agrius convolvuli ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu, wote wawili wakiwa wamepewa jina na Linnaeus mwaka 1758. Wale wadogo wa kijivu hawatafika, na wengi wa kahawia wa familia ya Noctuidae pia hawatafika, kwa sababu tofauti ya uhakika iko kwenye viungo vya uzazi, inayoonekana kwa kupasua na darubini. Kwao andika familia, au oda ya Lepidoptera peke yake, na usione haya. Ngazi ya familia ina faida zake: nondo wenye vipapasio vya manyoya mapana na mabawa yenye macho wa Saturniidae, na wenye miili mizito na mabawa membamba wa Sphingidae, hutambulika kwa mwezi mmoja wa kuangalia kwa makini.

Njia iliyo bora kuliko taa ni kumlea kiwavi. Mchukue pamoja na tawi alilokuwa akila, mweke kwenye chombo chenye wavu, mbadilishie majani yale yale mpaka awe bundo, na nondo atakapotoka utakuwa umeunganisha hatua tatu za kiumbe mmoja na chakula chake. Kwa nondo wengi wa Afrika, kiunganishi hicho bado hakijaandikwa na mtu yeyote. Mtu mwenye mti mmoja uani Kitengela anaweza kuongeza jambo la kweli katika sayansi ya dunia, bila maabara.

Pingamizi la kwanza litakalokuja ni kwamba majina haya hayatulii, basi kwa nini kuhangaika nayo. Mkulima wa nyanya wa Kimana au Loitokitok ana ushahidi wa kutosha wa lalamiko hilo. Nondo anayemharibia nyanya alimjua kama Tuta absoluta. Meyrick alimwita Phthorimaea absoluta mwaka 1917, kutoka Peru. Akapitishwa katika jenasi kadhaa mpaka akawekwa kwenye Tuta mwaka 1994. Na mwaka 2021 Chang na Metz, baada ya kulinganisha maumbile ya jamaa zake, wakamrudisha kwenye Phthorimaea. Lakini angalia ni nini kilichobadilika. Neno absoluta halikuguswa kwa zaidi ya miaka mia moja, wala Meyrick na mwaka wake. Kilichohama ni jenasi, yaani maoni kuhusu nani ni ndugu wa nani, na maoni hayo yalihama kwa ushahidi uliochapishwa ambao yeyote anaweza kuupinga. Jina lisilobadilika kamwe lingekuwa jina lisilosikiliza ushahidi. Kwa vitendo: tafuta kwa majina yote mawili, na katika maandishi yako weka jipya, kisha la zamani kwenye mabano mara ya kwanza tu.

Kuna badiliko moja ambalo ni haki kulinung'unikia. Miti ya miiba ya nyanda hizi iliitwa Acacia tangu zamani. Uamuzi wa mkutano wa wataalamu wa mimea wa Vienna wa mwaka 2005, uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011, uliliacha jina hilo kwa miti ya Australia, na ile ya Afrika ikagawanywa katika Vachellia na Senegalia. Kugawanya jenasi kulitokana na ushahidi. Nani abaki na jina la zamani lilikuwa jambo la kura, na wataalamu wengi wa Afrika walilipinga. Mambo hayo mawili yasichanganywe. Ukikataa kutumia Vachellia kwa sababu kura ilikukera, utakuwa pia umeukataa ushahidi kwamba oltepesi (Vachellia tortilis) na oiti (Senegalia mellifera) si wa jenasi moja, na hilo ni muhimu kwa mtu anayefuatilia kiwavi gani hula mti gani.

Pingamizi la pili ni la simu: programu inatambua kwa picha, basi kuchimba na kulea ni kujisumbua. Itumie, lakini ujue inajibu swali gani. Programu hulinganisha picha yako na picha ilizofundishwa, na nyingi mno zinatoka Ulaya na Marekani Kaskazini. Ikikosa spishi ya Kajiado, haisemi haipo. Hukupa inayofanana kutoka kwingine. Haijaona mzizi uliobaki ardhini, wala unga wa spora, wala mti ambao kiwavi alikuwa akiula. Chukua jibu lake kama pendekezo la familia au jenasi, kisha ukalihakiki: kwa nondo katika Afromoths, orodha ya nondo wa Afrika kusini mwa Sahara, uone kama spishi hiyo imewahi kurekodiwa Kenya, kwa uyoga wenye vibamba katika kitabu cha Pegler cha mwaka 1977 kuhusu uyoga wa Afrika Mashariki. Hata vinasaba havikuondolei wajibu huo. Kipande cha DNA hutambulika kwa kulinganishwa na vipande vilivyowekwa majina na watu, na baadhi ya majina hayo si sahihi. Mpangilio wa DNA usio na sampuli iliyohifadhiwa mahali hauwezi kurekebishwa kosa likigunduliwa.

La tatu ndilo zito: kwamba wenyeji wana majina yao, na sayansi hii imekuja kutoka nje. Ni kweli sampuli za kwanza za viumbe vya hapa ziko mbali. Mswidi Yngve Sjöstedt, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1905, jina lake limeambatana na mchwa anayelima uyoga Kajiado, Macrotermes michaelseni, na pia na mti wa miiba yenye vinundu, Vachellia drepanolobium, ambao Wamaasai wanauita eluai. Jina eluai limebaki imara wakati la kisayansi likihama, na anayelijua hakosei mti. Ila uwezo wa jina hilo unaishia pale wazungumzaji wake wanapoishia, na huu ndio mpaka ambao jina la kisayansi linauvuka. Kwa hiyo andika yote mawili, kila mara, pamoja na jina la lugha iliyolitoa. Jina la kienyeji ni ushahidi: linasema mtu fulani, mahali fulani, aliona tofauti inayostahili kutajwa, na wakati mwingine ndilo litakalomfungulia mtaalamu macho kwamba pana spishi mbili.

Dawa ya umbali huo ni sampuli zinazobaki nchini, na hapa una nafasi yako. Uyoga ukate vipande, ukaushe kwa joto la chini, karibu nyuzi 40, hadi uvunjike ukiukunja, kisha uuweke kwenye bahasha ya karatasi. Nondo mtie kwenye friji ya kugandisha usiku kucha, umchome pini katikati ya kifua na umtandaze mabawa. Usiokote chochote ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi wala maeneo mengine ya ulinzi bila kibali, na ujue kwamba utafiti rasmi unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Wataalamu wa wadudu na wa mimea na uyoga wako Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, iko Kasarani. Kabla ya kuwapelekea kitu, wapelekee picha na lebo.

Lebo iwe na nchi, kaunti, mahali hasa pamoja na alama za GPS, mwinuko, tarehe yenye mwezi ulioandikwa kwa herufi, jina la aliyeokota, na mazingira: "kwenye kichuguu kilicho hai, mzizi sentimita 30", au "kiwavi juu ya eluai, alitoka bundo Mei". Tumia kalamu ya risasi au wino usiofutika. Jina la kiumbe lisiwe kwenye lebo hiyo. Liandike kwenye karatasi ya pili, ndogo, pamoja na jina lako kama mtambuzi na mwaka, na uishie kwenye ngazi ambayo ushahidi wako umeifikia, hata kama ni Lepidoptera tu. Mtaalamu akilibadilisha, karatasi yake itaongezwa chini ya yako, na yako haitolewi.